Koti Kwenye Mringaringa

Jumanne moja mwanzoni mwa masika, mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kupanda Kilema kutafuta kahawa yetu, nilimpoteza baba. Watu husema ilikuwa ajali. Sipendi wakisema hivyo.

Baba alikuwa mlinzi wa mfongo, mfereji unaoleta maji migombani kwetu kutoka mtoni. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa kaya zote zilipanda kuuzibua. Yeye alitangulia, sisi nyuma. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia peke yake chini ya ukingo, na aliyechelewa alileta mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mwaka ule shirika moja la wafadhili likataka kufundisha viongozi wa vijijini. Baba hakujua kusoma, nikachaguliwa mimi niliyemaliza darasa la saba. Wiki mbili tulikaa hotelini Moshi mjini tukibandika makaratasi ukutani. Mkufunzi alisema mafunzo yaleyale yanatolewa Asia na Amerika ya Kusini. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku ya kuzibua ikaahirishwa ili kungoja wageni wa shirika wenye kamera. Tukaagizwa jembe lisiguse udongo kabla hawajafika. Tangu asubuhi tulisimama na fulana nyeupe mpya. Mvua ilikuwa imenyesha sana, na juu kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, yalishaanza kula ukingo.

Baba akaja na jembe lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Weupe wote huu, mnapata kipaimara?"

Wanawake wakacheka. Katibu wetu wa kijiji akasema, "Mzee, vumilia kidogo, wageni wako njiani."

"Hao wageni wana mgomba hapa?" Akanigeukia. "Twende, mwanangu."

Nikamwambia, "Baba, utatuharibia picha."

Ndivyo nilivyosema. Akavua koti, akalitundika kwenye mti wa mringaringa, akapanda peke yake. Hakuna aliyemfuata.

Wageni walifika saa nane. Tulichimba kidogo pale palipokuwa rahisi, tukichekea kamera, kisha tukarudia kwa sababu mmoja wetu alifumba macho. Maji mferejini yalikuwa yamegeuka tope zito. Niliyaona, sikuuliza. Magari yalipoondoka ndipo macho yangu yakaangukia lile koti. Juu kule ukingo ulikuwa umemporomokea. Tulimfukua kwa majembe ambayo rangi yake ya dukani ilikuwa haijachubuka.

Mwezi uliofuata niliitwa mjini kutoa ushuhuda mbele ya viongozi wapya waliokuja kufundishwa. Nilikwenda. Picha zetu zilibandikwa ukutani. Katika moja nimeinua jembe, nacheka, na nyuma ya bega langu linaning'inia koti la baba. Mkufunzi akainyooshea kidole akasema, "Huu ndio ushirikishwaji." Wakapiga makofi. Nikashukuru, nikakaa, kikaletwa chakula. Nikala kuku wangu, nikamaliza.