Fimbo za Mtu Mwingine

Fimbo za kuvulia samaki zilifika Butembo kwa makosa. Baba yangu anauza kwa jumla misumari, mabati na kufuli, na mali yake huja katika kontena analoshirikiana na wafanyabiashara wenzake watatu. Siku hiyo, katikati ya maboksi ya bawaba, palikutwa furushi refu limefungwa kwa nailoni. Ndani mlikuwa na fimbo kumi na mbili nyembamba, kila moja na kigurudumu chake cha kukunjia mshipi, pamoja na pakiti ya samaki wa plastiki wenye macho makubwa. Wafanyakazi wa depo wakaanza kuchapana nazo kwa mchezo. Baba akawafokea.

"Kitu ya mutu hapana guse. Mwenyewe hayasema."

Ndivyo alivyo baba: kitu ambacho mwenyewe hajasema neno, hakiguswi. Alipiga simu mwezi mzima akimtafuta mwenye fimbo, mpaka akampata mfanyabiashara mmoja wa Beni aliyekuwa amekwisha kuzisahau. Yule bwana alicheka sana, akamwambia abaki na mbili kwa shukrani. Kumi zikapanda lori kwenda Beni, na mbili zikaegemezwa sebuleni kwetu, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Hapo ndipo baba alipoanza kuangalia video kwenye simu. Wazungu wameketi katika mashua kwenye ziwa la maji baridi, kiongozi wao anawaonyesha mahali pa kutupa mshipi, wanavuta samaki mwenye mdomo mpana, wanambusu, kisha wanamrudisha majini. "Banamurudisha juu ya nini?" aliniuliza kila mara, lakini hakuacha kuangalia. Alizaliwa Masereka, kwenye baridi na viazi, na hakuwahi kukanyaga mtumbwi maishani. Akaamua kwamba tutateremka Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, mimi na yeye, tutafute kiongozi atupeleke ziwani kama wale wazungu.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya wiki tatu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza miaka miwili ya kwanza utawani, na Jumapili ya mwisho paroko angeniombea katika misa ya shukrani. Jumatatu ningerudi kwa masista kuvaa shela nyeupe ya unovisi, hatua ya kabla ya nadhiri. Nilikuwa nimeamua sirudi, na hakuna mtu aliyejua.

Sikuwa na mchumba wa siri, kama watu walivyokuja kudhani. Wala sikuteswa. Masista walikuwa watu wema, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha cherehani, kazi inayonilisha leo hapa Beni. Ni kwamba kila asubuhi kengele ilipolia nilihesabu siku, na siku zenyewe hazikuwa na mwisho wa kuhesabia. Jambo lilianza nikiwa na miaka kumi na mitatu. Sista mmoja mgeni alinisikia nikiimba kwaya, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Huyu ni wetu." Baba alifurahi hadi akachinja mbuzi. Tangu siku ile jirani, muuza mboga ya sombe, mpaka motari wa pikipiki wa pale kona, wote waliniita ma sœur, yaani sista. Mtu akiitwa hivyo miaka saba hana hata mahali pa kukasirikia. Na mimi nina hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua.

Nyumba ya mfanyabiashara wa Butembo haikosi watu. Wateja, shangazi, watoto wa shangazi, wageni kutoka Lubero waliokuja kwa siku moja wakakaa mwezi. Kwa hiyo baba aliposema tutakwenda ziwani wawili tu, nilifurahi kuliko yeye. Kwenye mtumbwi, nilijiambia, atakuwa wangu peke yangu. Sikufikiria kwamba na mimi nitakuwa wake.

Tulipita Kyondo kwa pikipiki mbili, tukaanza kuteremka, na joto likaja kutupokea. Baba alivua koti, kisha sweta, lakini viatu vyake vya kanisani hakuvivua. Kyavinyonge palinuka samaki na moshi. Wanawake walikuwa wamechuchumaa ufukweni wakipasua tilapia, na korongo wakubwa walisimama nyuma yao kama watu wanaongoja zamu. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa karibu miaka sitini, shati halina kifungo hata kimoja.

"Wavukire, tata," baba alimsalimu kwa Kinande. Kisha, kabla hata ya kutaja jina lake mwenyewe, akasema, "Huyu ni ma sœur wetu."

Mzee akavua kofia. "Basi leo tuko na Mungu ndani ya pirogi! Ma sœur, bariki ndobo."

Pirogi ni mtumbwi, na ndobo ndizo ndoano. Zilikuwa lundo zima kwenye sufuria, zenye kutu. Nikamwambia mimi si padri.

"Padri, ma sœur, yote ni moya."

Baba alinitazama, na wanawake wa samaki walikuwa wameacha visu vyao kuangalia. Nikainua mkono, nikachora msalaba juu ya sufuria ya ndoano. Nilijichukia kutoka pale mpaka tulipofika maji ya kina.

Mzee alikaa nyuma na kasia lake, baba mbele na fimbo yake, mimi katikati na kopo la nyanya la kuchotea maji, kwa sababu mtumbwi ulikuwa unavuja kidogo. Baba alitoa samaki wa plastiki. Mzee akampokea, akamnusa, akamrudisha.

"Hii hata harufu hapana. Samaki iko na akili kuliko mwenye aliitengeneza."

Akakata samaki mdogo vipande, akachomeka kimoja kwenye ndoano ya baba. Mara ya kwanza baba kurusha, alivua kofia yake mwenyewe. Mara ya pili mshipi ulizunguka shingo yangu. Tulicheka wote watatu, na kwa muda nilisahau nilichokuja kufanya. Mzee alitupeleka kwenye ghuba ndogo, yenye mlango mwembamba na matete pande zote, akasema kambale wanapenda matope ya pale. Alisema kweli. Fimbo ya baba ilipinda, mzee akapiga kelele, "Hapana vuta nguvu! Umufuate! Umufuate!" na baada ya mapambano marefu kambale wa urefu wa mkono akaanguka miguuni pangu, sharubu zikitikisika.

Baba alikuwa analia kwa furaha. "Sasa namurudisha?"

"Umurudishe?" Mzee alimkodolea macho. "Kwani ni ya mutu?"

Baba akacheka hadi akashika tumbo. Sikuwa nimemwona hivyo tangu utoto wangu. Nikajiambia, ni sasa.

"Papa, niko na neno."

"Sema, mama."

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu mzee akapiga ulimi, "Tss!" na kasia lake likasimama hewani. Katika mlango wa ghuba, pale tulipoingilia, vilikuwa vimeibuka vichwa. Vitatu, kisha vitano, kisha nikaacha kuhesabu. Viboko, na watoto wao.

Mzee alisukuma mtumbwi polepole ndani ya matete, akainama karibu nasi. "Hapana sema. Hapana simama. Iko na batoto, iko na kasirani. Tutangoya mpaka bapite."

"Mpaka saa ngapi?" baba alinong'ona.

"Bao ndio banajua."

Nyuma yetu palikuwa na matope ya kufika kiunoni, na mbele yetu ni wao. Jua la asubuhi likawa jua la adhuhuri. Miguu yangu ilikufa ganzi, na nzi walitembea midomoni mwetu bila mtu kuthubutu kuwafukuza. Maji yaliingia polepole, nami nikayachota kwa kopo na kuyamwaga kwa upole, kama ninamlaza mtoto. Kila nilipoinua macho niliona mgongo wa baba, shati lake la kanisani limelowa jasho, na lile neno langu bado lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeliandaa wiki tatu. Sasa nilikatazwa kulisema na wanyama.

Kisha mmoja wao alizama, na hatukujua yuko wapi. Maji yalituna kando yetu. Kitu kikagusa tumbo la mtumbwi, kikauinua kidogo upande wa baba, kikauacha. Mzee alinitazama. Baba naye aligeuza shingo akanitazama. Wote wawili walikuwa wanangoja nisali, na mimi sikuwa na sala hata moja. Nilikuwa na woga tu, na kopo.

Basi baba akasali mwenyewe. Alisali kwa Kinande, kwa sauti ndogo sana, lakini mtumbwi ni mfupi.

"Nyamuhanga, Mungu wetu, ututoe hapa. Mtoto huyu nakupa. Sikupi nusu. Hatarudi kwangu tena, ni wako mpaka kufa kwake."

Alirudia mara tatu. Nitasema ukweli: kwa kitambo kile nilimchukia baba yangu. Nilitaka kusimama na kupiga kelele, viboko wasikie, Mungu asikie, na mzee akaona bega langu linapanda. Mkono wake mgumu ulinibana begani na kunikalisha, na haukutoka pale mpaka mwisho.

Jua lilikuwa limeinama walipoondoka, mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaotoka misa ndefu. Mzee alingoja tena, kisha akatutoa. Tulipofika maji ya wazi baba alianza kuimba wimbo wa Bikira Maria.

"Ma sœur, maombi yako iko na nguvu," mzee akasema.

"Mi hapana omba," nikamjibu.

Alidhani ni unyenyekevu, akacheka. Hasira zangu zikafika. "Papa, hizi fimbo, mbele ya kuzichukua, uliuliza nani?"

Baba aliacha kuimba. "Niliuliza mwenyewe. Ule wa Beni."

"Na miye, mbele ya kunitoa kwa Mungu, uliuliza nani?"

Aligeuka kwa nguvu, mtumbwi ukayumba, mzee akapiga kelele tukae. Baba alishika kingo kwa mikono yote miwili. "Unasema nini, mama?"

"Hapana rudi kule, papa. Ku masista hapana rudi tena."

"Lakini nimeisha kumupatia Mungu. Umesikia. Na ametutoa."

"Umemupatia kitu haiko yako."

Baba aligeukia mbele tena. Mzee alikodolea macho ufuko na kupiga kasia kama anayefukuzwa. Nilikuwa nimelisema, na bado nilikuwa na nusu saa ya kukaa na baba yangu, magoti yangu yakigusa mgongo wake, bila mahali pa kujitenga hata hatua moja. Ile nusu saa ilikuwa ndefu kuliko viboko.

Ufukweni mzee aliruka wa kwanza, na habari ikatutangulia kwa mdomo wake. Wanawake wa samaki walinishika mikono, wakasema ma sœur amefunga vinywa vya viboko. Baba hakuwakanusha, wala hakuwaunga mkono. Alifunga kambale ndani ya jani, akapanda pikipiki yake. Tulipanda mlima hadi Kyondo na kuendelea mpaka Butembo, na hakugeuka nyuma kuniangalia.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa hakusema nami neno, na kwa sababu hakusema na mtu mwingine pia, maandalizi yaliendelea. Shangazi zangu walileta ndizi. Viti vya parokia vilifika na kupangwa uani, safu kwa safu. Gauni langu jeupe lilitundikwa kwenye msumari sebuleni, karibu na zile fimbo mbili, na kila aliyeingia alilipapasa kitambaa. Mama alinishonea kola mpya. Sikuthubutu kumwambia, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa ametoa, na kwetu aliyetoa ndiye anayeomba kurudishiwa. Nilizunguka nyumba ile nikitafuta mlango, na kila mlango ulikuwa na mtu anayenipongeza.

Jumamosi alasiri nilikuwa jikoni ninamenya ndizi za wageni. Baba alikuja akasimama mlangoni. Hakuwa amekwenda depo, nami niliona viatu vyake vya kanisani bado vina matope ya ziwa.

"Mama."

"Papa."

Alitazama ndizi, akatazama dari. "Ile kitu nilitoa kule ku mayi," akasema mwishowe. Akasafisha koo. "Mwenyewe anasema je?"

Niliweka kisu chini. Katika miaka saba ile alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza.

"Anasema hapana."

Alitikisa kichwa polepole, vile anavyotikisa akiambiwa mali imekwama mpakani. Kisha akatoka uani, akawaambia vijana waanze kurudisha viti, akashika njia ya parokia kwa miguu, bila kofia, aende kumweleza padri, na zaidi ya padri, Mungu aliyemwahidi kule ziwani. Mimi niliendelea kumenya ndizi, kwa sababu wageni wangekula hata hivyo.