Mwanamke Aliyeijua Swichi ya Mume Wangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana haya yamenikuta mimi mwenyewe, saa saba mchana, na akili zangu timamu.

Nilikuwa natoka Mtinko, namkimbiza mwanangu Neema hospitali, Singida mjini. Ana miaka sita. Homa inamchoma, na degedege lilikuwa limeshamshika mara moja. Nilimlaza kiti cha mbele, kwenye gari kuukuu aliloniachia marehemu mume wangu. Tulipofika katikati ya mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, gari likazima. Hivi hivi tu!

Nikapiga stata. Injini inazunguka, haiwaki. Mafuta yapo, betri nzima. Nikatikisa nyaya za plagi, nikachomoa fyuzi nikarudisha, nikalitukana lile gari matusi ambayo siyarudii hapa. Nikampigia fundi wangu.

"Mama Neema, zungusha ufunguo nusu, usipige stata. Pampu ya mafuta inalia huko nyuma?"

Nikazungusha, nikatega sikio. Hailii.

"Basi umeme haufiki kwenye pampu," akasema, mtandao ukakata.

Neema akaanza kukakamaa tena. Nililia, sikufichi.

"Pole, dada."

Kugeuka, namwona mwanamke wa rika langu, kitenge cha njano, miguu peku. Ametokea wapi? Shamba lile lilikuwa jeupe, hata kuku angeonekana. Wala hakuuliza gari lina nini. Alifungua mlango, akaisogeza miguu ya Neema taratibu, akapitisha mkono chini ya kiti, ndani ya kapeti. Nikasikia ta!

"Aliiweka kwa ajili ya wezi," akasema. "Gari likipiga shimo inajizima. Washa."

Aliiweka nani? Mimi mke wa ndoa, miaka tisa, sikuijua swichi hiyo! Nikawasha, likawaka palepale. Kuinua macho nimshukuru, hayupo. Niamini, hayupo! Nikashuka, nikalizunguka gari. Kwenye vumbi zilikuwepo alama za ndala zangu tu.

Sikungoja. Tulifika, Neema akawekewa dripu, akapona.

Wiki iliyofuata nikarudi pale. Sijui nilikwenda kushukuru au kugombana, maana wivu ulikuwa unanila. Nikamkuta mzee mmoja anaanika vitunguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza sura ya yule mwanamke, nikamtajia na kitenge. Akaniangalia, akaliangalia gari.

"Huyo tulimzika," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Alifia kwenye uzazi. Bwana mmoja mwenye gari hili hili alikuja mazikoni, akalia kuliko ndugu."

Mume wangu amefariki mwaka jana. Sasa niambie wewe unayenisikiliza, nimchukie nani? Yeye? Au nimchukie mwanamke aliyenirudishia mwanangu? Nikilala nimechanganyikiwa, nikiamka ni vilevile. Gari nimeshindwa kuliuza, na kulipanda naogopa.

Nakuonya: ukikwama barabara ile, akatokea mtu kukusaidia, usikimbilie kuwasha. Mwulize kwanza na yeye ana shida gani. Mimi sikumwuliza. Na yule mzee nilimkimbia, huku nalia, kabla sijamwuliza neno moja tu. Mwanangu alimwokoa. Wa kwake, yule aliyekufa akimzaa, sijui hata kama yu hai.