Simama Kwanza

Shangazi, Mungu amrehemu, aliogopa kila kitu kinachokwenda. Kilichotulia hakikumsumbua, na labda ndiyo maana riziki yake ilitoka kwenye viti. Magari yaliletwa kwake yamezimwa, viti vikang'olewa, vikapangwa barazani vikingoja mkasi wake kwa adabu. Alishona huku amebana pini safu nzima kati ya midomo, kwa hiyo mtaani walimwita Bi Pini, na aliyemsalimu wakati wa kazi alijibiwa kwa nyusi.

Hofu hiyo hakuzaliwa nayo. Kaka yake alikuwa dereva wa lori. Asubuhi moja alitoka mbio, chai imebaki nusu kikombe, na dada yake akamwita kutoka jikoni asimame amwombee kwanza. "Nikirudi, dada," akajibu, mguu tayari uko nje. Breki zilimkatalia mteremkoni. Akarudishwa na watu. Mkewe alikwisha kumtangulia, basi binti yao mdogo akabaki wa Shangazi.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na sheria yake. Hakuna aliyevuka kizingiti bila kuambiwa, "Simama kwanza." Ukiisikia, unaganda hapo hapo, hata kama kiatu kimoja kiko mguuni na kingine mkononi. Viganja vyake vinatua utosini, anaomba, unaitikia amina, unakwenda. Hata fundi viatu, jirani waliyegawana naye baraza, hakusalimika.

"Bi Pini, jamani, mimi naenda chooni tu!"

"Chooni nako watu huteleza. Simama kwanza."

Na Mungu ana mambo yake. Katika kazi zote za dunia, binti aliyelelewa chini ya viganja vile akataka kuwa rubani. Akafaulu, akapata nafasi katika chuo cha urubani kwenye uwanja mdogo nje ya mji. Shangazi alipiga magoti akaomba jambo hilo lipite. Halikupita.

Zamu za kurusha ndege chuoni zilikuwa chache, wanafunzi wengi. Mwalimu wao, mwanamume mpole asiyepandisha sauti, aliwashauri wafanye mazoezi nyumbani kwa kompyuta. Binti akaunda ndege yake sebuleni: skrini pana, usukani, pedali za miguu, na kibodi aliyoiweka karibu na goti la kulia. Pale angeweza kurudia hatua za kuwasha injini, maneno ya redioni, mizunguko ya uwanja, mpaka vimkae kichwani kama sala. Kilichokosekana kilikuwa kiti.

Shangazi akampa kiti cha gari lililogongwa, akakivika ngozi nyeusi na uzi mwekundu. Alikishona kwa moyo mweupe. "Hiki angalau hakiendi popote," akasema.

Alisema hivyo kabla ya kusimama nyuma yake na kutazama skrini.

Nyumba zilikuwa chini kabisa, ndogo kama punje. Binti alipunguza nguvu ya injini akawa anavuta usukani, pua ya ndege ikapanda, ikapanda, mpaka mbele pakawa mbingu tupu. Kisha honi ikalia. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, ya kitu kinachoomba msaada. Bawa moja likalala. Damu ikamsimama Shangazi.

"Simama kwanza!"

Mkono wa kulia wa binti ukashuka gotini ukabonyeza kitufe cha kusimamisha. Ndege ikaganda hewani kama picha ukutani, na ile honi ikakatika.

"Shangazi! Ni mazoezi haya."

"Mazoezi ya nini? Ya kufa?"

"Ya kutokufa. Sikiliza. Pua ikipanda mno na mwendo ukipungua, mabawa yanapoteza upepo wa kuyabeba. Honi inakuonya. Hapo unasukuma usukani mbele, pua ishuke, unaongeza nguvu ya injini, ndege inashika tena."

"Unasukuma kuelekea chini? Ardhi si iko huko?"

"Ndiyo. Ukiogopa utavuta, na ukivuta ndiyo kwaheri."

Shangazi akaondoka. Lakini hakuweza kukaa mbali. Kila honi ilipolia alitokea mlangoni, sindano mkononi, "Simama kwanza!", mkono ukashuka, dunia ikatulia. Alivuta pumzi, akaomba, akarudi kwenye viti vyake. Moyoni alijifariji kwamba angalau humu ndani Mola ameweka kitufe cha kuzuia mauti. Mwishowe hakuhitaji hata kuita. Honi ililia, mkono ukashuka wenyewe.

Siku moja binti alirudi kutoka chuoni mapema, akapita barazani bila kusalimu. Shangazi akatema pini zote kiganjani, akamfuata. Alimkuta amekaa kwenye kile kiti cheusi, skrini imezimwa.

"Nani kakufanya nini, mama?"

"Leo tumefanya ile ya honi. Juu kweli. Mwalimu yuko kando yangu." Akautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. "Honi ikalia, nikaacha kishikio cha nguvu ya injini. Mkono ukashuka, ukawa unapapasa kiti, hapa kando ya goti. Unapapasa tu. Mwalimu ananiuliza, 'Unatafuta nini?' Mimi siwezi kumjibu. Ndege inalala upande, naona mashamba yanazunguka. Akaichukua yeye."

Shangazi akashika ukuta.

"Nilikusikia, Shangazi. Honi ilipolia nilikusikia kabisa, kana kwamba uko kiti cha nyuma."

Hakuna aliyehitaji kutaja maneno aliyoyasikia.

Mwalimu alikuwa amesema wazi, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba mashine ya nyumbani hufundisha mema na mabaya pia, na mkono haujui tofauti. Atampima tena. Mkono ukitafuta kitufe mara nyingine, hatamruhusu kupaa peke yake, na chuo kitamsimamisha.

Kitamsimamisha. Aibu iliyoje: jambo la kwanza kumjia Shangazi lilikuwa shukrani. Asimamishwe basi, arudi chini, ashone viti, azeeke. Akachukua mkasi wake mkubwa wa ngozi, akaingia sebuleni binti alipokwenda kuoga, akainama nyuma ya kompyuta mahali nyaya zilipokutana. Kukata mara moja tu. Ngozi ni ngumu zaidi.

"Bi Pini." Fundi viatu alikuwa dirishani, kiatu cha mtu mkononi. Binti alikuwa amemweleza yote pale barazani kabla ya kwenda kuoga. "Unakata hizo?"

"Hayakuhusu."

"Hayanihusu kweli. Lakini atapimwa, atake asitake, utake usitake. Ukikata, si atapanda huko juu na mkono ule ule?"

Mkasi ukabaki wazi. Shangazi akaiona ile ndege imelala upande, mtoto wa kaka yake ndani yake, mkono unapapasa, unautafuta wema wa shangazi yake mahali ambapo haupo. Akafunga mkasi, akakaa sakafuni, akalia bila sauti.

Kisha akafanya alichojua. Alikata kipande cha ngozi nyeusi, akakishona kiwe kifuniko kidogo kigumu, akakikaza juu ya kile kitufe kwa gundi ya fundi viatu. Binti alipotoka kuoga alimkuta Shangazi ameketi kwenye kigoda kando ya kiti cheusi, safu ya pini midomoni. Akamwonyesha kiti kwa nyusi.

"Unataka nifanye ile ya honi?"

Nyusi zikasema ndiyo.

Pua ikapanda. Mbingu ikajaa skrini. Honi ikalia, na kila kitu ndani ya Shangazi kikataka kupiga kelele. Akabana pini. Mkono wa binti ukashuka, ukagusa ngozi, ukapapasa, ndege ikalala, ikazunguka, ikagonga. Skrini ikawa nyeusi.

Wakatazamana. Tone dogo la damu lilikuwa mdomoni mwa Shangazi. Akaonyesha skrini kwa kidole. Tena.

Wakaiangusha ndege ile jioni yote. Wakaiangusha kesho yake, na siku zilizofuata. Shangazi hakuzoea. Wanaosema hofu huisha kwa mazoea hawakumwona akikaa pale, roho mkononi, akimtazama mtoto wake akifa mbele yake na kuomba kwa ndani, bila sauti, ili mkono usimsikie. Halafu ikaja jioni ambayo honi ililia na mkono haukushuka. Binti alisukuma usukani. Ardhi ikaja usoni pao, mapaa, miti, barabara, na Shangazi akafumba macho. Alipofumbua, ndege ilikuwa imenyooka.

Mwalimu akampima. Mkono ukakaa mahali pake. Ikatajwa siku ya kupaa peke yake.

Asubuhi hiyo binti alifika kizingitini, akasimama mwenyewe, akainamisha kichwa kama alivyozoea tangu utotoni. Viganja havikuja.

"Nani kakuambia usimame?" Shangazi alikuwa tayari amevaa viatu. "Tembea."

Akamwombea wakitembea, bega kwa bega, mpaka kituoni, kwa sauti, watu wakigeuka. Katikati ya sala akaikumbuka ile chai ya nusu kikombe. Laiti siku ile angetoka jikoni, mwiko mkononi, akamsindikiza kaka yake hivi hivi hadi mlangoni mwa lori. Pengine breki zingekataa vilevile. Lakini angekwenda ameombewa.

Uwanjani alisimama kwenye uzio. Ndege ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri. Milango yake ilionekana myepesi kama ya kabati. Mwalimu akashuka, akafunga mlango, akaipigapiga ubavuni, akaja kusimama karibu naye. Kiti cha pili kikaenda kitupu.

Ikapaa. Shangazi akatafuta pini, akakumbuka amevaa nguo ya kanisani. Akapapasa ukosi, akakuta moja iliyosahauliwa kwenye mshono. Akaibana midomoni.

Ndege ikazunguka, ikaja kutua. Karibu na ardhi upepo ukaisukuma pembeni, bawa likainuka. "Sim..." akaanza, pini ikamchoma, akanyamaza. Injini ikanguruma, ndege ikakataa ardhi, ikapanda tena.

"Vizuri," mwalimu akasema taratibu. "Kutua kule hakukumpendeza, akakuacha. Hajasimama kufikiri."

Shangazi hakusikia. Alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili, waya umemwachia alama viganjani. Ndege ikazunguka upya, ikaja, ikashuka, magurudumu yakagusa, yakaruka kidogo, yakagusa.

Binti alikuja mbio kwenye majani, jasho tele, akacheka, akalia, akamshika mabega.

"Shangazi, nimeshuka! Sema basi. Sema neno."

Akatoa pini. Akaichomeka ukosini.

"Simama kwanza, mwanangu," akasema. "Mimi nikae."