Cheti Kilichobaki Kabla ya Uswidi

Kwa wiki tatu nilimwambia mama kwamba maombi yake ya kibali cha kuishi Uswidi yameshatumwa. Hayakuwa yametumwa. Yalikaa kwenye kompyuta yangu, yamejazwa yote, isipokuwa cheti cha kifo cha baba ambacho nilipaswa kukiskani. Cheti chenyewe nilikificha ndani ya mfuko wa kompyuta, katikati ya barua zangu za kuomba kazi.

Mama alikuwa anastaafu. Alikuwa ametunza wazee miaka kumi na tisa katika nyumba moja ya wazee kule Herndon, Virginia, hapa Amerika, akitoka kwetu Landover kabla jua halijachomoza. Mwaka huo alikuwa ameolewa tena, na mgane mmoja, Mjaluo mwenzake, aliyehamia Uswidi akiwa kijana na kuendesha mabasi huko hadi akapata pensheni. Mzee alikuja, wakafunga ndoa kanisani, tukala, akarudi kwake kumsubiri mkewe.

Sikuwa na ubaya naye. Niliogopa tu, na mimi nikiogopa husoma. Nilisoma habari za barafu inayovunja nyonga za wazee, na za miji ya kaskazini ambako mwezi wa Desemba watu hula chakula cha mchana jua likizama. Nilifungua ramani ya mji wa yule mzee, nikapima kwa macho njia ya kutoka mlangoni kwake hadi hospitali, nikahesabu kona. Nikajiuliza: mzee akitangulia, nani atagonga mlango wa mama? Nikajiuliza pia, ingawa kwa aibu, nani atagonga wangu.

Lakini hofu kubwa kuliko zote mama mwenyewe ndiye aliyenipa. Zamani alinisimulia habari za bibi mmoja Mkorea aliyekuwa akimhudumia. Bibi huyo alikuwa ameishi Virginia miaka arobaini, akiongea Kiingereza vizuri, hadi kumbukumbu zilipoanza kumtoka. Kiingereza ndicho kilichotangulia kwenda. Akabaki na Kikorea kitupu, na wahudumu wakabandika karatasi ya maneno kando ya kitanda chake: maji, maumivu, choo. Tangu niliposikia neno Uswidi nilimwona mama katika kitanda kile, akiomba maji kwa Kijaluo, na msichana mpole mwenye nywele za dhahabu akimtabasamia bila kuelewa.

Jumamosi moja alikuwa anapiga pasi sare yake ya wiki ya mwisho.

"Hawa watu wa Uswidi wamenyamaza sana," akasema. "Una hakika hukuwatumia kwa punda?"

Nilijaribu kucheka. Badala yake nikasema, "Mama, sijatuma."

Pasi ikasimama hewani. Akaizima, akaiweka wima.

"Kwa nini?"

Nikamwambia yote, barafu, giza, hospitali. Alisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Wewe hata ukiitwa mbinguni utauliza kwanza kama kuna hita."

"Na yule bibi Mkorea, mama? Ukiwa hivyo, kule nani atakuelewa?"

Hapo hakutania. Alivuta kiti, akakaa.

"Ile hadithi sikukumalizia," akasema. "Yule bibi alikuwa na binti. Alikuja kila Jumapili na maua. Amezaliwa hapa hapa, anafanya kazi nzuri. Mama yake akiongea, binti alikuwa ananigeukia mimi. Mimi, Mjaluo wa Siaya. Ananiuliza, anasema nini? Nami nasoma ile karatasi, namwambia, anataka maji."

Kisha akaniambia kitu kwa Kijaluo, sentensi ndefu, taratibu, akinitazama usoni. Nilidaka neno la maji na neno la mtoto. Mengine yalinipita. Nilipokuwa mdogo, aliponileta Amerika, aliamua Kiswahili na Kiingereza vinanitosha, nisichanganyikiwe. Alikuwa akiniongelesha kwa Kiswahili, nami nikiwa na haraka ninajibu kwa Kiingereza. Kijaluo kilibaki cha simu zake na watu wa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

"Umeona," akasema. "Kule kuna mtu mmoja atakayenielewa. Hapa hakuna hata huyo mmoja. Hilo si kosa lako, ni langu. Lakini usinifungie hapa kwa sababu ya hofu ambayo hata hapa ipo."

Nilikwenda kuchukua mfuko wa kompyuta. Cheti kilikuwa kimekunjika pembe moja. Mama alikinyoosha kwa kiganja, akatazama jina la baba kwa muda, akanirudishia. Nilikipiga picha kwa simu, ikatoka na kivuli cha kichwa changu, nikarudia. Mara ya tatu ikakubali. Nikaiingiza kwenye maombi, nikabonyeza kutuma.

"Imekwenda?" akauliza.

"Imekwenda."

Aliinuka kuiwasha pasi. Nikachukua bahasha moja mezani na kalamu.

"Ile sentensi," nikasema. "Irudie. Polepole, niandike."

"Yote?"

"Anza na maji."