Soksi ya Bi Borghild na Nyota Namba 714

Kwa miaka kumi na tisa, swali lililoulizwa zaidi katika kituo cha nyota cha Vikdal halikuhusu nyota. Watu waliuliza: soksi ya pili iko wapi?

Ya kwanza kila mtu aliijua. Ilikuwa ya sufu, nyekundu, yenye kiraka kisiginoni. Kila Borghild Sletten alipopanda kupima nyota, aliivika kwenye lenzi ndogo ya kusomea namba iliyo chini ya darubini. Wageni walidhani inazuia baridi. Kwa kuwa Machi ya Minnesota humfanya mtu aamini chochote kuhusu baridi, Borghild aliwaacha na dhana yao.

"Shemeji," Einar alikuwa akimwambia, "siku soksi hiyo ikianza kunuka, nyota zitahama."

"Zitahama kwa harufu ya tumbaku yako kwanza. Pandisha sakafu."

Einar Sletten alikuwa mtu wa sakafu. Darubini ya lenzi ya inchi thelathini ni ndefu kama mnara wa kanisa dogo. Ikielekezwa juu, jicho lake, yaani ncha ya kuchungulia, hushuka chini. Ikielekezwa karibu na upeo wa macho, jicho lake hupanda hewani. Kwa hiyo sakafu nzima ya kuba hupandishwa na kushushwa kwa mota, na Einar ndiye aliyeshika wenzo wake. Wanajimu aliowapenda aliwafikisha sawasawa. Wasiompendeza aliwaacha wapinde magoti kidogo tu, kiasi kwamba wasingeweza kulalamika.

Borghild alifika kilimani akiwa bi harusi wa miaka ishirini na mitatu, mke wa Halvard, fundi wa kituo na kaka yake Einar. Halvard alipokufa kwa homa ya mapafu mwaka 1931, kituo hakikutafuta fundi mwingine. Mjane alikwisha kujua wapi panatakiwa mafuta na wapi panatakiwa matusi. Alijua pia kazi ambayo wanajimu wenyewe waliikwepa, ya kuvuna uzi wa buibui. Ndani ya kipimo cha darubini kuna nyuzi nyembamba zinazokatiza mbele ya jicho, na hakuna kiwanda kinachofuma uzi mwembamba na ulionyooka kama wa buibui. Borghild aliwafuga wake kwenye kibanda cha kuni na kuwaita kwa majina ya wachungaji wa Kilutheri waliowahi kuhudumu mjini.

Upimaji wenyewe aliujifunza kwa kusikiliza. Nyota nyingi zinazoonekana moja ni mbili zinazozungukana. Mpimaji huzungusha uzi mpaka upite katikati ya zote mbili kwa pamoja, kisha husoma kwenye duara la namba ni digrii ngapi. Baada ya miaka mingi namba hizo huchora njia ya nyota angani, na kutokana na njia hiyo uzito wa nyota hujulikana. Kosa moja huharibu miaka kumi.

Kila jioni jua lilipotua wanajimu walikwenda kula. Darubini ilibaki peke yake, na anga ilikuwa bado na mwanga kidogo. Mwanga huo ndio unaofaa kupima nyota pacha zinazong'aa, kwa sababu gizani hung'aa mno na kushikana. Profesa Amund Rishovd, mkuu wa kituo, alimruhusu Borghild kutumia saa hiyo. Borghild akachagua Namba 714, nyota mbili zilizosogeleana hivi kwamba usiku mwingi huonekana kama yai moja.

"Wanandoa wa Kilutheri," Einar aliziita. "Wamekaa pamoja, lakini huwezi kuthibitisha kwamba wamegusana."

Soksi ilianza mwaka ule wa kwanza, 1933. Borghild aligundua kwamba namba yake ya pili kila mara ilifanana na ya kwanza, na ya tatu ilifanana na ya pili. Hilo lilimtia shaka. Mtu akishasoma namba, jicho linajua pa kwenda, kama ng'ombe anayerudi zizini. Akaifunika namba. Aliuweka uzi, Einar akainua soksi, akasoma, akaandika bila kusema neno, na Borghild akauzungusha uzi mbali na kuanza upya. Kwa Einar kunyamaza ndiyo ilikuwa sehemu ngumu.

Miaka kumi na tisa ya jioni hizo ilijaza madaftari matatu.

Dakta Prescott Wadleigh alikuja kutoka Boston mwaka 1950, na kola iliyopigwa pasi hata siku za theluji. Alikuwa mchapakazi, tena mkweli, lakini hakuna aliyempenda kwa ajili hiyo. Alikokotoa njia za nyota pacha mia moja na arobaini na kuandaa orodha kubwa ya vipimo vyote vya kituo, ambayo ingekwenda kwa mpiga chapa Jumatatu ya tarehe kumi na saba Machi 1952. Jumatano kabla ya hapo alimwita Borghild ofisini. Madaftari matatu yalikuwa mezani, yamefungwa kwa kamba.

"Bi Sletten, vipimo vyako vya 714 sitaviingiza."

"Vyote?"

"Vyote. Kwa njia niliyoikokotoa, mwaka huu nyota ile iko digrii mia mbili na kumi na mbili. Wewe unasema mia mbili na kumi na tisa. Mimi mwenyewe nimeipima mara nne. Nimepata mia mbili na kumi na mbili."

"Na ulijua kwamba itakuwa mia mbili na kumi na mbili?"

"Bila shaka nilijua. Namba inayotarajiwa huwa kwenye orodha ya jioni. Wewe ndiye unayeninakilia."

"Ndiyo, Daktari. Mimi ndiye."

"Usichukulie vibaya. Jicho ni chombo, na chombo kina mafunzo yake. Hakifundishwi kwenye kibanda cha kuni."

Borghild aliyachukua madaftari yake akashuka ngazi. Chini alimkuta Einar akijaza kiko.

"Amekataa?"

"Amekataa. Anasema jicho langu halikusoma shule."

"Mwambie la kwake lilisoma mpaka likakariri."

Borghild alisimama. Einar alidai baadaye kwamba alimwona akitabasamu vile alivyotabasamu siku walipotia chumvi kwenye kahawa ya askofu. Einar hutia chumvi na kwenye hadithi.

Alhamisi Borghild alinakili orodha ya jioni kwa mwandiko wake mzuri: jina la nyota, mahali ilipo, namba inayotarajiwa. Zilikuwa nyota kumi na sita. Kumi na tano alizinakili kama zilivyo. Ya Namba 714 aliandika 205.

Anga ilikuwa safi. Wadleigh aliacha chakula ili aiwahi nyota kwenye mwanga, kwa sababu alitaka kipimo cha mwisho kabla ya orodha kwenda kuchapwa. Einar alipandisha sakafu, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alimfikisha sawasawa kabisa.

"Leo umenipatia vizuri, Sletten," Wadleigh alisema.

"Sikukuu haiji kila siku, Daktari."

Wadleigh alitazama orodha, kisha akaweka jicho. Alizungusha uzi, akasoma namba, akazungusha tena. Borghild alikaa kwenye taa ndogo akiandika alichotamkiwa: mia mbili na sita. Mia mbili na tano. Mia mbili na nne na nusu. Mia mbili na tano. Hakuinua uso.

Ijumaa mawingu yalifunga, na Profesa Rishovd, mgane ambaye hakupenda kula peke yake, aliwaita wote kwa chakula cha jioni. Palikuwa na samaki, viazi na lefse, zile chapati laini za viazi ambazo Borghild alikuja nazo zikiwa zimefungwa kwa taulo. Wadleigh alikuwa na furaha. Alikula lefse nne.

"714 imekaa pale pale ilipotarajiwa, Profesa," alisema. "Wastani mia mbili na tano, nukta moja."

Profesa aliweka uma chini. Alikuwa mtu wa polepole, na mezani kwake polepole yake ilisikika. "Nilidhani ulisema mia mbili na kumi na mbili."

"Sikumbuki zote kichwani. Nasema inalingana na orodha."

Profesa alikwenda kwenye rafu, akarudi na jedwali la Wadleigh lenyewe, akapitisha kidole. "Kumi na mbili," alisema. "Mia mbili na kumi na mbili."

Wadleigh alilitazama jedwali, kisha akamgeukia Borghild. "Ulinakili vibaya!"

"Nilinakili vibaya," Borghild alisema, akijipakia siagi. "Mimi nilikosea kwa makusudi, Daktari. Nyota je, ilikosea kwa nini?"

Einar alikohoa ndani ya kikombe chake cha kahawa na kukaa humo muda mrefu.

Profesa hakucheka. "Borghild, orodha ya kazi haichezewi. Watu hufukuzwa kwa jambo hilo."

"Najua, Profesa. Niliandika kwenye daftari la usiku ule ule kwamba namba ya orodha ni ya uongo. Ukurasa wa mwisho, kwa wino. Hakuna atakayedanganyika kesho."

"Isipokuwa mimi jana," Wadleigh alisema.

Shingo yake ilikuwa imeiva kwa wekundu juu ya kola nyeupe. Watu wa Vikdal waliomjua walitarajia angeondoka. Alibaki amekaa, akakunja kitambaa chake mara nne, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ile ile ya kutamka namba.

"Nilikosea mara nne, na kila mara upande ule ule ulioandikwa. Hilo ni baya. Lakini halithibitishi mia mbili na kumi na tisa ya Bi Sletten. Naye ana namba yake kichwani. Amekuwa nayo miaka kumi na tisa."

"Ndiyo maana kuna soksi," Borghild alisema.

"Soksi inahusikaje?"

Einar alitoka kwenye kikombe. "Huoni namba, Daktari! Unaweka uzi, mimi nasoma, nafunga mdomo. Hata ukitamani vipi, hujui utamanie upande gani."

Wadleigh alimtazama Einar kama mtu aliyeona wenzo wa sakafu ukizungumza.

"Miaka miwili," alisema, "nilidhani ni kwa ajili ya baridi." Kisha: "Nitaipima mimi. Kwa soksi. Sletten atasoma. Nikipata mia mbili na kumi na mbili, madaftari yanabaki nje, na suala la orodha Profesa ataliamua."

"Na ukipata mia mbili na kumi na tisa?" Profesa aliuliza.

"Basi nina njia ya nyota ya kukokotoa upya, na siku mbili za kuikokotoa."

Kwa hiyo mambo yalikaa hivi: kazi ya Borghild na miaka yake kumi na tisa vilitegemea jicho la mtu aliyetaka mia mbili na kumi na mbili kuliko mtu yeyote duniani.

Jumamosi mawingu yalifunguka saa kumi jioni. Kwa kuwa Einar angesoma namba, Borghild alishika wenzo wa sakafu. Angeweza kumpindisha Wadleigh magoti, na Einar alimkonyeza kuhusu hilo. Alimfikisha sawasawa. Kisha akaketi juu ya mikono yake, kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine.

Wadleigh aliivika soksi mwenyewe, kisigino mbele, ikabidi Einar amgeuzie.

"Kisigino nyuma, Daktari. Hata nyota ina adabu zake."

Aliuweka uzi. Alichukua muda mara mbili ya kawaida yake. "Soma."

Einar aliinua soksi, akasoma, akaandika. Uso wake ulikuwa kama ukuta wa ghala. Wadleigh alimtazama mara moja tu, akaona hakuna la kuokota pale, akauzungusha uzi mbali. Akaweka tena. Mara nane, ingawa nne zingetosha. Mara ya sita alijisemea, "Sijui niko wapi kabisa," na Borghild akamjibu, "Ndipo panapotakiwa."

Profesa aliichukua karatasi akaisoma kwa sauti, polepole kama kawaida yake, mpaka Einar akataka kumnyang'anya. Mia mbili na kumi na nane. Mia mbili na ishirini. Mia mbili na kumi na tisa. Mia mbili na kumi na tisa. Nne zilizobaki zilizunguka hapo hapo.

Wadleigh aliondoka kwenye darubini. Aliivua soksi, akaikunja vizuri, akampa Borghild kwa mikono miwili.

"Nahitaji madaftari yako," alisema. "Yote matatu. Leo."

"Yako mezani kwako tangu mchana."

"Ulikuwa na uhakika hivyo?"

"Wa nyota, ndiyo. Wako wewe, nilibahatisha."

Orodha ilikwenda kwa mpiga chapa Jumatano badala ya Jumatatu, ikiwa na vipimo mia nne na kumi na viwili vya Sletten, B., na maelezo mafupi ya Wadleigh kwamba wakati wa kupima namba "zilifichwa kwa kifuniko cha sufu." Einar alilalamika mji mzima. "Kifuniko! Ni soksi, jamani. Mtu ana shahada tatu na hawezi kuandika soksi."

Profesa alitoa adhabu yake kwa maandishi: kwa kuchezea orodha, Bi Sletten asinakili orodha yoyote kwa wiki mbili. Wiki hizo Wadleigh alinakili mwenyewe. Siku ya tatu aliandika kusini mahali pa kaskazini, na Einar, ambaye hakuona sababu ya kuuliza, alimpandisha na sakafu yote mpaka juu, darubini ikitazama ukuta.

Borghild alitumia nafasi hiyo kusafisha droo. Wadleigh aliporudi ofisini Ijumaa alikuta kifurushi juu ya meza. Ndani mlikuwa na soksi nyekundu ya sufu isiyo na kiraka, na karatasi yenye mwandiko mzuri alioujua:

"Ya pili ni hii. Halvard alisema inambana. Usiifue kwa maji ya moto."