Mbuzi wa Abigael na Pamba ya Nyangate

Nyangate alikuwa na ulimi mkali na mikono isiyojua kupumzika. Mwaka wa sabini na mbili, pamba yake kule Nyamarambe ilipoanza kuweka vitumba, alikuta vingi vimetapakaa chini. Hakujiuliza mara mbili. Jirani yake Abigael alifuga mbuzi, na ua uliotenganisha mashamba yao ulikuwa na matundu.

Siku ya Sabato, watu wakitoka kanisani, alimwambia mbele ya wote kwamba amechoka kulisha mifugo ya wenyewe. Abigael hakutaka ugomvi.

"Mama Nyamusi," alimwita Nyangate kwa jina la mwanawe, "kesho asubuhi nitafunga mbuzi, nije tutazame pamoja."

Kesho yake wakainama shambani, umande ukiwalowesha nguo. Hapakuwa na alama ya kwato. Abigael akaokota kitumba kilichoanguka. Kilikuwa na tundu la mviringo, na pembeni pamejaa kinyesi laini kama unga. Nyangate akakagua kingine ambacho kilikuwa bado mtini, akamfumania mwizi mwenyewe: funza wa kijani, kichwa ndani, makalio nje, anakula bila wasiwasi.

Uso ulimwaka kwa aibu. "Nisamehe, Abigael. Nimewatukana mbuzi wako bure."

"Mbuzi hawakusikia," Abigael alisema. "Mimi ndiye niliyesikia."

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye matuta.

Wiki hiyo bwana shamba, Ombui, alipita akawaonyesha maadui wengine: kangambili, wadudu wekundu wanaofyonza mbegu na kutia pamba madoa inapopasuka, na vidukari waliojazana chini ya majani. Lakini wale vijidudu wa mviringo, wekundu wenye vidoa vyeusi, aliwasihi wasiwaue, kwa kuwa chakula chao ni hao vidukari.

Abigael naye alilima pamba upande wake, basi wakawa wanakagua pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakiwadondosha funza kwenye kopo la maji ya sabuni. Maongezi yalichukua muda mrefu kuliko kazi. Vitumba vilivyobaki vikanusurika, na pamba ikapasuka nyeupe pande zote mbili za ua.

Majirani wakambandika Nyangate jina la Mama Funza, naye akaliitikia kwa fahari. Mtu akija kulalamika kwamba shamba lake limerogwa, alimwuliza kwanza kama amepasua kitumba akatazama ndani.