Shahada ya Uongo Mbele ya Jeneza

Wanaosimulia vita hupenda kusema "watu wasiojulikana". Aliyemtoa kaka yangu auawe anajulikana. Ni mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, hapa hapa Rumonge. Kaka alikimbilia kwake kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mtu akikujia na hofu, huyo ni amana. Asubuhi wenye bunduki walipofika, mwalimu akawafungulia mlango wa stoo ya mawese alimomficha kaka, akanyoosha kidole. Nilimwona. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mihogo ya jirani.

Mwaka huu mwalimu amekufa. Mama akaniambia nisiende. Nikaenda, maana kumzika Mwislamu ni haki yake, na hilo pia nilifundishwa na yeye. Shule niliishia la tatu. Adabu niliyo nayo yote ni ya mtu yule. Alinichapa viganja vikavimba kwa uongo mmoja tu, wa vijisamaki vya ndagala nilivyodokoa vikiwa vimeanikwa.

Kwetu maiti ikishaswaliwa, imamu huwageukia watu awaulize wanamshuhudia vipi marehemu. Hujibiwa "Mtu mwema", mara tatu. Hakuna anayenyamaza.

Mara ya kwanza nilinyamaza. Ya pili pia. Muuza samaki mmoja tuliyesoma naye chuoni akanigusa kwa kiwiko.

"Sema bwana, watoto wake wanakuangalia."

"Nimudanganye Mungu?"

"Wewe unamujua kwa siku moja ile. Sisi tunamujua miaka yote."

Siku moja ile. Nilitaka kumwuliza yeye: kaka yangu alikufa siku ngapi? Lakini imamu alikuwa ameshauliza tena, macho yake kwangu, safu nzima imegeuka. Nikasikia sauti yangu ikisema mwema.

Nyumbani nilimkuta mama barazani anachambua maharage.

"Waliuliza?"

"Ego, mama, waliuliza."

"Ukasema nini?"

Ningeweza kumficha. Nikamwambia.

Hakunitukana. Alichukua ungo wake, akaingia chumbani, akatia komeo. Nilibaki nimesimama pale barazani na kofia mkononi. Ndani nilimsikia akimwita kaka kwa jina lake, jina ambalo hajalitamka tangu vita, akisema naye polepole kama anamwomba radhi mgeni.

"Musamehe mudogo wako. Aliogopa watu."